Pikapu ya Shaibu Iliyoongezwa Nguvu Inakwenda Unyagoni

Tangu nirudi Tabata, kila ninayekutana naye ananisimamisha na swali lile lile: gari la Shaibu linakimbia kweli siku hizi, au fundi kampiga changa la macho? Jibu fupi ni kwamba linakimbia. Lakini jibu fupi halielezi kwa nini mimi nimerudi kwa basi na mwenye gari bado yuko Mtwara, kwa hiyo nimeona heri niandike safari yote mara moja, nipumzike kusimulia.

Kwa wasiomfahamu, Shaibu ni jirani yangu, muuza mabomba na matangi ya maji. Alizaliwa kijiji kimoja kilicho kusini ya Msimbati, ukielekea mdomo wa Ruvuma, na dada yake Somoe anaishi huko mpaka leo. Mwanahawa, binti pekee wa Somoe, alikuwa unyagoni na wenzake wa kijiji, na walikuwa watolewe nje Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri. Katika ukoo wao, siku hiyo mjomba ana kazi ambayo baba hawezi kumshikia. Ndiye anayetandika mkeka ambao mwali anakalia, na ndiye anayemfunga khanga ya kwanza mbele ya watu. Mjomba asipofika, mwali wake anabaki ndani wenzake wakitoka, anatolewa kesho yake peke yake, na watu wanalisema jambo hilo mpaka anaolewa. Somoe hana kaka mwingine. Ni Shaibu tu.

Na Shaibu hakutaka kufika tu. Alitaka kufika na pikapu yake mpya, ambayo si mpya. Ni ile ile ya dizeli mnayoifahamu, iliyobeba mabomba miaka yote. Ila kabla ya safari aliipeleka kwa kijana mmoja aliyechomeka kompyuta kwenye gari na kubadilisha maelekezo yanayoiambia injini imeze mafuta kiasi gani na tabo isukume hewa kiasi gani. Hakuongeza hata nati moja. Fundi aliahidi mambo mawili: gari litavuta zaidi, na litakula mafuta kidogo. Mimi nilikuwa nimesafiri na Shaibu kwa pikapu hiyo hiyo, njia hiyo hiyo, mwaka uliopita, kwa hiyo nilijiona shahidi anayefaa.

Dar es Salaam hadi Somanga

Tuliondoka alfajiri ya Alhamisi. Mpaka Mkuranga hapakuwa na la kupima, maana foleni haijui nani ametuni gari, kama mafundi wanavyoiita kazi hiyo ya kompyuta, na nani hajatuni. Baada ya Kibiti barabara ilifunguka, tukakuta lori la saruji linajikokota mbele yetu kwenye mwinuko.

Mwaka uliopita, mahali kama hapo, Shaibu alikuwa anarudisha gia, anasubiri, anachungulia, anaghairi, anachungulia tena. Safari hii alikanyaga mafuta bila kugusa gia na lori likabaki nyuma kana kwamba limeegeshwa. Mgongo wangu uligandana na kiti.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Sema kwa sauti. Utanikana tukirudi."

Nikasema kwa sauti. Tangu hapo kila lori lililotokea mbele lilikuwa sababu ya furaha. Na kati ya lori na lori, Shaibu alikuwa anampigia simu mtu mmoja wa ukoo baada ya mwingine, simu ikiwa kwenye spika, akitangaza kwamba gari limeongezwa nguvu. "Si lile la zamani, mama. Limeongezwa nguvu! Mara mbili!" Hiyo "mara mbili" aliitoa yeye, fundi hakuisema. Nilicheka tu. Sikujua kwamba simu hizo ndizo zitakazotutesa.

Somanga tulisimama kula samaki wa kukaanga. Madereva wawili wa malori walikuwa kwenye benchi letu, na Shaibu hakuweza kujizuia. Mmoja, mnene mwenye kofia ya sufi kwenye joto lile, alisema kutuni ni mazingaombwe.

"Injini ni ile ile, bwana. Utamwambiaje mtu kwa kompyuta awe na misuli?"

"Wewe umewahi kuliendesha lililotuniwa?" akauliza mwenzake.

"Sijawahi na sitaki."

"Basi kula samaki. Mimi nililitunisha la bosi wangu wa zamani. Lilivuta, wallahi lilivuta! Lakini moshi mweusi! Nikipita kijijini wanasema treni imekuja, na reli hawana."

"Mafuta?" nikauliza.

Yule mwenzake akatoa miiba ya samaki mdomoni kwanza. "Mafuta unakula wewe, si gari. Ukipewa nguvu utaitumia."

Shaibu alisema hayo ni ya malori, pikapu ni kitu kingine. Lakini nilimwona akitupia jicho kwenye mshale wa mafuta tulipoondoka, na mshale ulikuwa umeshuka kuliko mwaka uliopita tulipokula samaki kwenye benchi lile lile.

Somanga hadi Lindi

Nilimwomba aniachie usukani. Nia yangu ilikuwa ya haki kabisa: kuendesha kama babu anayepeleka mayai sokoni, nione kama mafuta yanapungua kwa sababu ya kompyuta au kwa sababu ya mguu wa Shaibu. Alikubali kwa shingo upande, na njia nzima alikuwa anakanyaga sakafu upande wake, akinihimiza kwa mguu usio na kitu.

Jibu nililipata Nangurukuru na nikalithibitisha mbele zaidi. Ukiendesha taratibu, gari linakula karibu sawa na zamani. Pengine kidogo pungufu, siwezi kuapa. Ukifaidi nguvu uliyoongezewa, linakula zaidi. Shaibu alisema kipimo changu hakina maana kwa sababu hakuna binadamu anayetuni gari ili aliendeshe vile.

Kwenye vilima vya kabla ya Lindi nilikanyaga na mimi, sitaficha. Ni raha.

Lindi tulilala kwa Mama Mkubwa Hadija, dada wa marehemu mama yake Shaibu. Tulikaribishwa na wali wa nazi na pweza, na mama mkubwa akanitania mpaka nikala mara tatu, eti watu wa Tanga tunakula kwa macho. Asubuhi, baada ya chai, akamwita Shaibu uani.

"Shikamoo mama mkubwa," Shaibu akasema tena, maana alishaona kilichokuwa kimepangwa ukutani.

"Marahaba. Hayo ya mwali."

Yalikuwa magunia ya mpunga, na juu yake kinu. Si kinu cha kutwangia kitunguu saumu. Kinu cha mti mzito, cha kwenda kiunoni, na mchi wake mrefu kuliko mimi.

"Mama mkubwa, hiki kinu..."

"Kinu cha bibi yako. Miaka yote hakuna gari la kukichukua, nyote mnaniambia gari dogo, gari dogo. Jana umenipigia mwenyewe kwamba gari limeongezwa nguvu. Mara mbili. Si ndivyo ulivyosema?"

"Nilisema ndiyo, lakini..."

"Sasa nguvu hiyo ilikuwa ya nini? Ya kukimbiza mbwa?"

Hapo inabidi niwaeleze jambo ambalo Shaibu alinieleza baadaye, huku akijifuta jasho. Mzigo wa mwali haukataliwi. Ukisema gari limejaa, umesema mwali hana nafasi kwako. Kila ndugu mwenye kitu anakiweka, na anayepita njiani akielekea unyagoni anakibeba. Miaka yote pikapu ilikuwa inasingizia udhaifu. Shaibu alikuwa ameiondolea kisingizio kwa mdomo wake mwenyewe, kwa simu, kwenye spika, ukoo mzima.

Tukakipakia kinu.

Lindi hadi Mtwara

Pikapu ilikaa chini nyuma na kuinua pua mbele, kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani. Lakini nasema kweli: ilipanda. Mwaka uliopita, tukiwa na nusu ya mzigo ule, tulikuwa tunapitwa na pikipiki. Safari hii tulipanda kwa gia ya juu na Shaibu akaanza kupiga mluzi.

Kushuka kuingia Mikindani ndiko mluzi ulikokatika. Fundi alikuwa ameongeza nguvu ya kwenda, na breki zilibaki zile zile za kiwandani, zimechoka kama mwenyewe. Shaibu alikanyaga, gari likafikiri kwanza, ndipo likapunguza. Tulipita Mikindani taratibu sana, na nadhani watu walifikiri tumebeba maiti.

Mtwara mjini, Magomeni, tulimkuta Bi Sharifa, binamu yake Shaibu, anayeongoza kikundi cha ngoma cha akina mama. Naye alikuwa amepigiwa simu. Barazani palikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa kwa kamba, masufuria ya shughuli na ngoma zilizofunikwa kwa mikeka. Wapigaji wenyewe, akina mama watano wenye sare ya khanga, walikuwa wameketi juu ya viti.

"Hawa nao?" nikamnong'oneza Shaibu.

"Hawa nao, shemeji," Bi Sharifa akajibu, maana alisikia. Sijui ni lini nilikuwa shemeji. "Kila mwaka tunapanda gari la kukodi, linatushusha kwenye lami, tunatembea. Mwaka huu kaka yetu ana gari lenye nguvu. Tunafika mlangoni."

"Mlangoni kabisa!" mmoja akaitikia, na wote wakapiga vigelegele.

Jioni Shaibu na mimi tulitembea Shangani kupunga upepo. Nilimwambia wazi kwamba mzigo umezidi, kwamba tukodi gari la pili tugawane.

"Nani atapanda la pili?" akauliza.

"Kinu."

"Nikamwambie mama mkubwa kinu cha bibi kimeletwa na gari la watu?"

"Basi akina mama."

Akaniangalia kama nimemtukana. Nikaelewa kwamba afadhali kinu. Tukatembea kidogo, kisha akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Yule fundi alisema kitu kuhusu klachi."

"Alisemaje?"

"Kwamba ni ya zamani. Injini ikiongezwa nguvu klachi inaweza isishike vizuri kwenye mzigo. Alisema nibadilishe kwanza."

"Na wewe?"

"Unyago ulikuwa umekaribia, ndugu yangu. Na mpaka sasa si imeshika?"

Mtwara hadi kwenye mchanga

Jumamosi tulipanga kuondoka mapema. Bi Sharifa alikuwa na mpango mwingine, nao ulikuwa ming'oko. Mtu hawezi kwenda kucheza ngoma kutwa nzima na tumbo tupu, kwa hiyo vile viazi vya porini vilichemshwa, vikamenywa, vikaliwa na chumvi na chai ya rangi, bila haraka yoyote. Ni vitamu, nilikula, lakini nilikuwa nalitazama jua. Shaibu alikuwa halitazami kabisa. Alikuwa anazunguka pikapu akiyagusagusa matairi.

Tuliondoka akina mama wakiwa juu ya magunia, wakiimba, kinu kikiwa katikati yao kama mgeni rasmi. Lami ilituaga, tukaingia njia ya vumbi, tukapita mikorosho ya Madimba. Watu walitupungia mikono. Somoe alipiga simu, na sauti yake ilikuwa ya juu kidogo kuliko kawaida.

"Kaka, mko wapi?"

"Tumekaribia! Tuliza moyo."

"Wenzake wameshaogeshwa. Mwanahawa anauliza. Nimwambie nini?"

"Mwambie mjomba anakuja na moto!"

Baada ya njia panda ya Msimbati mchanga ulianza. Kwanza mwembamba, ukipita kwa kasi huuoni. Kisha ukawa mzito na mweupe, na mahali njia inapopinda kwenye minazi, pikapu ilipunguza mwendo, ikayumba, ikazama magurudumu ya nyuma.

Shaibu akakanyaga mafuta. Injini ilinguruma kama simba. Hapo ndipo niliposikia kwa masikio yangu nguvu yote iliyoongezwa, na nikaona kwa macho yangu kwamba haifiki kwenye magurudumu. Mngurumo ulipanda, gari halikusogea. Akakanyaga tena. Ikaja harufu, kali, kama mtu amechoma raba na nywele kwa pamoja.

"Epa!" sauti ya mwanamke ikatoka kwenye ua wa makuti jirani. "Mnapika nini huko?"

Alikuja na kitenge kimefungwa kifuani, akajitambulisha kuwa Amina. Anauza vitenge vinavyotoka upande wa pili wa Ruvuma, ambako babu zake walivuka kuja huku. Alitembea kuzunguka pikapu, akapiga tairi teke.

"Mmejaza upepo kama mpira wa mechi. Huku watu wanatoa upepo kwanza. Zima. Zima, kaka, unaiua!"

Tukatoa upepo kwenye matairi yote manne. Tukachimba kwa masufuria ya Bi Sharifa yenye masizi, Shaibu akiwa uvunguni kwenye grisi, Bi Sharifa akiyahesabu kila yakirudi. Shaibu akawasha, akaweka gia, akaachia klachi polepole sana. Nadhani matairi sasa yangetoka. Lakini pikapu ilikuwa inanguruma pale pale, kwa upole, kana kwamba haijatiwa gia. Klachi ilikuwa imekwisha.

Shaibu alizima injini. Kutoka mbali, kwenye minazi ya mbele, ikasikika adhana ya adhuhuri.

Sijawahi kumwona na uso ule. Mtu huyu husuluhisha kila kitu kwa kelele, na sasa alikuwa ameketi na mikono kwenye usukani. "Watamtoa kesho," akasema. "Peke yake. Kwa ajili ya ujinga wangu."

"Kesho ya nani?" Bi Sharifa akauliza kutoka juu ya magunia. "Hiyo sala wanaswali kwa mbio? Halafu wanakula. Shuka. Akina mama, teremsheni."

"Dada, mzigo huu wote..."

"Gari lako lina nguvu, sisi hatuna?"

Mchanga hadi mlangoni

Kwa hiyo tuliingia kijijini kwa miguu. Magunia ya mpunga yalibaki kwa Amina, ndani ya ua wake, na pikapu ikabaki chini ya macho yake. Mengine yote yalikwenda. Masufuria kichwani, viti kichwani, ngoma kifuani. Vijana wawili wavuvi tuliowakuta njiani walikiviringisha kinu mpaka kwenye mchanga mgumu, kisha wakakibeba kwa mti wakipokezana maneno makali kuhusu nani amelegea. Mimi nilipewa mchi. Shaibu alikuwa mbele, mkeka begani, khanga mpya kwapani, anatembea karibu kukimbia.

Nilikuwa na nafasi ya kufikiri jibu lenu njiani. Kutuni kunafanya kazi. Aliyewaambia ni uongo hajawahi kukaa kwenye gari hilo nyuma ya lori la saruji. Injini ilivuta kuliko zamani, na haikutusumbua hata mara moja kutoka Dar es Salaam mpaka kwenye mchanga. Lakini kilichoongezwa nguvu ni injini tu. Breki, springi na klachi hazikupata habari, na mafuta hayakupungua ila kwa mtu mwenye mguu wa babu. Fundi hakudanganya sana, na alimwonya. Sehemu ambayo kompyuta haikuigusa ni Shaibu, na ndiyo sehemu iliyotupakia mzigo kuliko gari lilivyoweza kubeba.

Bi Sharifa hakuwa anafikiri hayo. Tulipoona nyumba za kwanza, alisimamisha msafara, akawapanga akina mama, akazivua ngoma mikeka, na tukaingia tukipiga.

Hapo ndipo nilipoona mambo yanageuka. Watu waliokuwa uwanjani waligeuka wote. Wenzake Mwanahawa walikuwa wameshaketi kwenye mikeka yao, vichwa chini, khanga mpya mabegani, na nafasi moja ilikuwa wazi. Waliona mjomba anakuja kwa miguu, ametota jasho, mkeka begani, na nyuma yake ngoma, viti, masufuria, kinu kinachobebwa na wanaume, na mgeni mwenye mchi. Hakuna aliyeuliza gari. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alimwambia mwenzake kwa kuridhika, "Siku hizi wanashuka mlangoni tu na magari ya viyoyozi. Huyu kaamua kutembea, kama zamani."

Sikumsahihisha.

Somoe alitoka ndani mbio, akasimama ghafla akakumbuka ni siku gani, akatembea. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. "Nilikuwa nataka kukutukana," akamwambia kaka yake.

"Nitukane kesho. Mlete."

Shaibu akatandika mkeka, akaunyoosha pembe zote. Mwanahawa akaletwa, kafunikwa, kaongozwa na somo wake aliyemfunda, macho chini kama inavyotakiwa, na akaketi. Mwali siku hiyo hasemi. Anatazama chini, mdomo kimya, mpaka mjomba amalize. Uwanja ulinyamaza, ngoma zikanyamaza. Shaibu akainama, akaizungusha khanga mabegani mwake, akaanza kufunga fundo.

Nilikuwa nyuma yake kabisa, nimeushika mchi, ndiyo maana nilisikia. Bila kuinua kichwa, bila kusogeza midomo, Mwanahawa akanong'ona:

"Mjomba, unanuka kama umeungua."

Mabega ya Shaibu yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na nadhani kila mtu alidhani hivyo, maana akina mama wa mstari wa mbele walianza kujifuta macho.

"Kasema nini huyo?" Somoe akauliza kwa ukali.

"Nani? Kakohoa tu," Shaibu akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama kwenye kicheko. Akakaza fundo. Vidole vyake vyeusi vya grisi na masizi viliacha alama kwenye khanga mpya, tano upande huu, tano upande ule. Bi Sharifa akaziona, akaangalia angani, akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote, na ngoma zikaanza.